Kompyuta ya Dada Wawili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na baba hajambo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Mdogo wangu bado yuko wodini, jicho la kushoto limefungwa bandeji, na daktari hasemi kama litaona tena. Najua alikupigia akakwambia ameteleza kwenye ngazi. Kabla hujaja, soma hii mpaka mwisho.

Unaikumbuka kompyuta uliyotununulia? Kila mmoja alitaka mfumo wake wa kuiendesha, basi fundi akaiwekea miwili: ukiwasha, unachagua kuingia upande wangu au wake. Marejeo ya tasnifu zetu, kila kitabu na makala tuliyosoma kwa miaka mitatu, tuliyaweka kwenye hifadhidata moja, sehemu ya diski ambayo pande zote mbili zinaifikia. Fundi alituonya: ukimaliza, zima kabisa, usiilaze, yaani usiiache imesinzia na kazi zikiwa wazi. Upande uliolala huamka ukidhani hakuna kilichobadilika, halafu huandika juu ya kazi ya mwenzake.

Basi huyo mwanao, mvivu wa kufunga hata mlango wa choo, akailaza. Mimi nikawasha upande wangu, nikaongeza marejeo kutwa nzima. Jioni akauamsha wake. Nilipofungua tena, naambiwa faili la marejeo limeharibika, na wiki hiyohiyo ndiyo tuliyotakiwa kukabidhi tasnifu! Nikamuuliza, akasema nisimpigie kelele, kwani dunia imeisha?

Mama, nilipandwa na mashetani. Nilimzaba kofi, akanirukia, akaning'ata bega mpaka nikasikia nyama inaachia. Nikamshika nywele, nikambamiza kichwa ukutani. Akanitandika teke la tumbo, tukaiangukia meza, glasi zikapasuka, tukagaragara humohumo kwenye vigae. Watoto wa tumbo moja, tunatafutana koo! Mwishowe akasema basi, amekoma. Nilimsikia, mama. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikashika waya wa chaja, nikauzungusha kwa nguvu zangu zote, kile kichwa kizito cha chaja kikampata jichoni.

Majirani ndio waliomkimbiza hospitali. Mimi nilibaki nafuta damu kwenye kibodi, nikaiwasha ile kompyuta, sijui hata kwa nini. Pembeni ya faili lililoharibika kulikuwa na nakala ambayo programu hujitunzia yenyewe. Marejeo yote yamo. Yake na yangu.

Nilipokwenda wodini kumwambia, aliniomba nisikwambie kitu, eti moyo wako hautahimili. Lakini Ijumaa utakuja, na utataka kuziona hizo ngazi. Chumba chetu kiko chini, mama. Nyumba nzima haina ngazi.

Nisalimie baba na shangazi. Ukifika, nenda kwake kwanza. Kwangu uje ukitaka.

Mimi,
Kifungua mimba wako