Siro mu chai ya Yaseen

Amira, uko? Mama ametia siro, dawa ya kikohozi ile inalalisha, mu chai ya Yaseen.

Siku ya kuchagua ekipe nasionali, timu ya taifa ya judo! Eti mutoto atulie. Alikoroga na Bismillahi.

Unajua daktari alisema Yaseen, mudogo wangu, ana TDAH, kichwa hakitulii. Basi leo kilitulia. Mupinzani wake wa Kigobe akamuangusha mara moja, akabaki chini anaangalia plafo, dari kule juu.

Kocha akapiga kelele: "Nani amemuzima? Kile kichwa ndicho kinamushindishaka! Kinaona mukono wa mupinzani mbele utoke!"

Nani amemuzima.  

Sasa Yaseen amekaa ku kiti, kimya, mikono ku magoti. Miaka yote mama aliomba dua amuone hivi.

Anamuangalia tu.