Weupe kwenye Kifua cha Shemeji

Newala, Jumanne

Bado siamini. Asubuhi shemeji aliingia hospitali kwa miguu yake, tena akiicheka kofia yangu ya mitumba.

Kikohozi chake nilisema ni vumbi la salfa tu, maana wiki nzima anapulizia mikorosho dawa hiyo kule Chilangala. Daktari alipoinua picha ya kifua dirishani, nikaona weupe umetanda. Mimi niliyefika mpaka Zambia tangu biashara iwe ruksa, ningenyamazaje? "Si unaona, dokta? Salfa yenyewe hiyo!"

Hakucheka. "Salfa haionekani hapa, mzee. Hii ni homa ya mapafu ya virusi. Pafu lisilo na ugonjwa hutoka jeusi kwenye picha. Weupe huu umeshashika pande zote mbili, kwa hiyo atazidiwa. Asirudi nyumbani."

Shemeji akadakia, "Azidiwe nani? Mikorosho inanisubiri!"

Alasiri hakuweza kumaliza hata sentensi. Wamemwekea oksijeni. Picha ilijua kabla yake mwenyewe!

Dada kaniuliza daktari kasemaje. Nimemwambia kesho nakwenda mwenyewe kumalizia mikorosho ya mumewe. Lile alilosema daktari jioni, kwamba usiku wa leo ndio utakaoamua kama atapona... sikuweza kulitamka.