Nilimwomba Kocha Anitoe

Kisauni, Mombasa

Dada yangu Jalila,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Huku Kisauni tu wazima, ingawa mama magoti yamemsumbua tangu mvua zianze. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno, na leo nataka kumaliza.

Mama ameniambia umeapa kumpigia kocha Kyalo umpe vidonge vyake, eti alinionea kwa kunitoa kwenye fainali ya voliboli ya vyuo tukiwa karibu kushinda. Mwache mtoto wa watu.

Wewe ndiye uliyenifundisha mpira, sikatai, na chuoni jina lako bado linatajwa. Lakini kila baada ya mechi hunitumia sauti za kunitajia mipira niliyokosea. Tukishinda, makosa. Tukishindwa, makosa. Nikaanza kubaki uwanjani wenzangu wakienda kula, narudia kuanzisha mpira mpaka bega linakufa ganzi. Nikaogopa kunenepa, nikawa nashinda kwa chai ya rangi. Nywele zikapukutika. Hedhi ikakatika, nami, wallahi, nikafurahi, nikidhani ndivyo anavyokuwa mchezaji kamili. Ujinga gani huo, dada?

Basi ukweli ni huu: kocha hakunitoa. Ni mimi niliyemwomba. Seti ya mwisho niliona nyavu mbili, nikainua mkono. Kyalo alidhani natania. Nikamwambia kama hanitoi nitakaa chini pale pale katikati ya uwanja. Nilipofika kwenye benchi, Lynnette wa timu yetu akanipa viazi karai vyake, nikala mbele ya watu wote, na pilipili juu. Tukashindwa. Nililia, sikufichi, lakini sikujuta, na hata sasa sijuti.

Daktari amesema nile, nilale, nipumzike kwanza. Nitarudi uwanjani, inshallah, maana mpira naupenda. Na nitakosea, tena mbele yako. Ila sauti zako za makosa sizisikilizi tena, hata ukininunia mpaka Idi. Kama una lawama, nipe mimi.

Nibusie watoto, umsalimie na shemeji. Na ukinipigia baada ya mechi, niulize kwanza nimekula nini. Ukianza na jingine, nakata simu.

Mdogo wako akupendaye,
Samiha