Natetemeka Nisipoonja

Mshauri wetu wa gazeti la misheni, shikamoo. Naomba msaada wako, nami nakuandikia kwa sababu kusema siwezi, tangu utotoni nikitazamwa tu sauti hukauka, na mwezi huu nimemaliza shule ya misheni hapa Akheri. Mama hupika pombe ya ndizi kwa ajili ya wazee wanaosafisha mfereji, maana vijana wengi wamepelekwa kulima barabara ya Wadachi, na desturi yetu anayepeleka kibuyu huonja kwanza mbele ya wanywaji, basi kazi hiyo ni yangu, na siku moja kwa hofu nilipiga mafunda badala ya kuonja, nikajikuta nawaamkia wazee wote bila kutetemeka, hata nikawachekesha. Mama akafurahi, “Leo mwanangu umepata mdomo!” na tangu hapo hunituma mimi tu, hajui kwamba naonja jikoni, naonja njiani, tena naonja nikifika. Kaka yangu Lengai, asiyeona haya mbele ya mtu, akionja hutema, kisha hunicheka, “Jana kondoo, leo kasuku! Kesho utakuwa nani?” Sasa Jumapili ya ubatizo inakuja, Mwalimu Efraimu atatuuliza maswali mbele ya watu wote, nami nimeficha kibuyu kidogo nyuma ya kanisa, maana bila hicho nitakuwa bubu, na nikinywa nitakuwa namdanganya Mungu. Nifanyeje?

Namnyaki, Akheri

*

Namnyaki binti yangu, marahaba, na pole.

Kuona haya si ugonjwa. Ndivyo ulivyoumbwa, na Lengai kaumbwa vingine. Yeye pombe haimwongezei kitu, ndiyo maana anaitema. Wewe inakupa usichokuwa nacho, kwa hiyo itakushika upesi kuliko hao wenye makelele.

Lakini kibuyu nyuma ya kanisa! Hapo umenikasirisha. Kakimwage leo, usingoje Jumapili. Kisha mwambie mama kabla hajapika tena. Siku ile aliisifu pombe yake akidhani anakusifu wewe. Atafoka. Mwache afoke, akinyamaza mwombe awe anaonja mwenyewe.

Kwa Mwalimu Efraimu nenda na Lengai, akusemee: “Mwalimu, dada yangu anaogopa, aulizwe wa kwanza.” Mdomo wake ufanye kazi ya maana mara moja. Nawe kila asubuhi simama kando ya mfereji, ujibu maswali yako kwa sauti kuyashinda maji.

Sijaona mtu aliyenyimwa ubatizo kwa kutetemeka. Sauti yako ikitoka ndogo, watu watanyamaza ili waisikie.