Nilitunga Mwisho wa Filamu, Sasa Sehemu ya Pili Imefika

Kwako mshauri Bi Mastulah, naomba unipokee kwa subira, kwa kuwa tatizo hili limemkuta mtu aliyejivunia usahihi maisha yake yote.

Ninatafsiri filamu kwa Kiswahili katika ukumbi wa video wa Kabazana, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikiwa na kipaza sauti kando ya skrini, na kila Jumatatu huandika uhakiki wangu kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Mwezi wa tatu tulionyesha filamu ya miaka ya sabini, ya zile za Wamarekani weusi zenye majambazi, muziki mzito na makoti ya ngozi, ambamo mpelelezi mwanamke, ambaye watu wetu humwita Mama Koti, anawasaka wauza unga waliomuua kaka yake, na dakika tisa kabla ya mwisho, akiwa amemwelekezea bastola mpiga saksafoni aliyempenda na aliyemsaliti, picha iliganda isiganduke tena, nami, badala ya kusema sijui, niliwaambia watu zaidi ya mia kwamba mwisho ninaufahamu, nikawasimulia kuwa aliishusha bastola, akamsamehe, wakafunga ndoa. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Jumatatu nikausifu mwisho huo ubaoni kwa aya tatu, kana kwamba ni kazi ya mwongozaji.

Inès, mshonaji mjane kutoka Kongo ambaye nilikuwa nimemposa mara mbili bila kupata jibu, alinijia wiki hiyo hiyo akasema: "Kama ule mama alisamehe mutu mwenye alimusaliti, miye nitakukatalia namna gani, wewe mwenye hukunikosea ata kitu?" Harusi yetu ni Agosti.

Sasa Kamaldin, mwenye ukumbi, ameleta sehemu ya pili kutoka Mbarara, na matangazo yamebandikwa hadi mjini Kabingo. Nimeitazama peke yangu. Inaanza kwa kurudia mwisho wa ile ya kwanza: Mama Koti anampiga mpiga saksafoni risasi mbili, kisha anawasha sigara.

Nimechunguza na kukuta kwamba wahakiki wa wakati ule waliiponda hii ya pili. Walisema ilitengenezwa kwa haraka, hadithi ni ile ile, na kilicho kipya ni koti tu. Je, niwanukuu ubaoni, neno kwa neno, ili Kamaldin asiionyeshe Jumamosi?

Mtafsiri, Kabazana

JIBU

Ndugu mtafsiri,

Umenichekesha, nami nakuonea huruma, lakini huruma yangu inaishia hapa. Unataka kufukia uongo wako kwa maneno ya kweli ya watu wengine. Wahakiki hao waliihukumu filamu. Hawakuja kukutolea ushahidi. Isitoshe, watu wa Kabazana wana haki ya kuiponda wenyewe, kwa sauti, huku wakitafuna karanga.

Wala si ubao unaokutisha. Unaogopa kwamba Inès alimkubali mpiga saksafoni, si wewe. Soma tena maneno yake: alisema wewe hukumkosea kitu. Sasa umemkosea, na kila siku unayonyamaza unaongeza kosa. Mwambie ana kwa ana, bila utangulizi wa kitaalamu. Jumamosi, kabla filamu haijaanza, waambie watazamaji kwamba ule mwisho uliutunga wewe. Kujisifu kwa jina la mwongozaji asiyekujua ni utovu wa adabu, hata kama mwisho wako, nakiri, unaushinda wake. Kisha itafsiri sehemu ya pili kama ilivyo, pamoja na risasi zote mbili.

Majina nimeyabadilisha, lakini Kabazana nzima itakutambua kwa zile aya tatu. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne. Gazeti linatoka Ijumaa. Fanya hesabu yako.

Nyongeza, Alhamisi: Gazeti likiwa karibu kwenda mtamboni, Inès mwenyewe amenipigia simu. Naandika alivyosema: "Mama, alikuja analia, nikafikiri ameua mutu. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Samedi, siku ya filamu, nitakaa fasi ya mbele, nimusikie akisema ukweli mbele ya batu. Akishindwa, nitachukua mikro nimusemee."