Mbatata za Bibi Rosa

Rockville, Maryland

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Vipi magoti, yanakuachia ukasali umesimama? Na mama mkwe wako, bado anachagua chakula? Sisi wazima. Mwanangu Rahma kapandishwa cheo, sasa anawaamrisha Wamarekani kwa Kiingereza, nao wanaitikia! Waambie wale waliosema binti wa muuza vitumbua hafiki popote.

Nakuandikia kwa sababu simu wewe unaweka spika, na hili ni la aibu.

Yule bibi ninayemtunza, Bibi Rosa, katokea kisiwa kidogo cha Italia. Maradhi ya kusahau yamemfutia Kiingereza chote, kabakiwa na lugha ya kwao. Siku ya nne leo hajatia kitu mdomoni. Daktari kasema akiendelea hivi atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Neno lake ni moja tu: "Patata, patata."

Niliruka, dada! Nikamwambia mwanawe, "Hata kwetu Unguja ni mbatata! Niachie mimi, nimepika harusi ngapi?"

Akanielekeza saladi ya kisiwani kwao: mbatata za kuchemsha, nyanya, vitunguu, zaituni, na vitumba vya maua vilivyowekwa kwenye chumvi. Vitunguu nikavifikicha kwa chumvi, nikavikamua, kama vya kachumbari yetu. Mafuta ya zaituni nikamimina tele. Pilipili nilijizuia, Mungu shahidi.

Bibi akanusa, akacheka, akashika uma. Nikasema moyoni, nimeshinda. Kumbe ananilisha mimi! Ananiita Maria, jina la marehemu binti yake. Nikifumba mdomo, machozi yanamlengalenga. Nikimgeuzia uma, anafumba wake. Nimekula, dada, mpaka bakuli likabaki jeupe.

Mwanawe akaingia, akaliona. "Hadija, umemwokoa mama!" Akanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu, akampigia daktari hapo hapo. Nami mafuta yananing'aa kidevuni, mimi niliyezoea kusema, nikachukua bakuli nikaenda kuliosha.

Sasa niko jikoni nakuandikia. Bibi ananitazama, tumbo tupu, karidhika kama mama aliyeshibisha mwanawe.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na jirani yetu fundi cherehani.

Mwanawe Bibi Rosa kaenda dukani kuleta mbatata nyingine. Niombee ulimi wangu ufunguke kabla hajarudi, nimwambie kweli.

Mdogo wako,
Hadija, mama Rahma