Kipimo Kilichowangoja Wakaguzi

Mpendwa Mama,

Wakaguzi walikuja wiki iliyopita, wale wa kuipa hospitali yetu ya watoto hapa Homa Bay cheti cha ubora. Ungekuwepo ungeniuliza kwanza kama nimekula, halafu ndiyo uulize kama tulipita. Nimekula. Hatukupita.

Kosa ni langu, ingawa nusu yake nakupa wewe. Unakumbuka vile vikombe vya maua nyumbani Suna, ulivyovifungia kabatini kusubiri wageni? Sisi tulinywea chai vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, na ufunguo uliufunga kwenye pindo la leso. "Mgeni asitukute na aibu," ulikuwa ukisema. Sikulaumu, Mama. Aliyezoea kudharauliwa hutunza kitu kimoja kizuri cha kuonyesha. Ila mimi ni sista mkuu wa wodi, na nilifanya yale yale. Tulipoletewa kipimo kipya cha oksijeni, kile kidogo cha kubana kidoleni, nilikifungia kabatini ndani ya karatasi yake ili wakaguzi wakikute kinang'aa. Manesi wakaendelea na cha zamani, ambacho siku nyingine kilisoma na siku nyingine kilinuna.

Wakaguzi wakiwa katikati ya wodi, mama mmoja kutoka Kehancha aliingia na mtoto mgongoni. Mtoto alipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Nesi alimbana kidole kwa kile cha zamani, hakikuonyesha kitu. Nilikimbia kabatini, ufunguo ukaniponyoka, nikauokota, nikafungua, nikairarua ile karatasi kwa meno mbele ya wageni wangu. Oksijeni yake ilikuwa chini mno. Tulimwekea hewa, na baada ya muda midomo yake ikarudiwa na rangi.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, aliiokota karatasi sakafuni.

"Hii kipimo mlipata lini?"

"Miezi miwili imepita."

"Na kwa nini ilikuwa bado kwa karatasi?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia, "Ilikuwa inakungoja wewe."

Hakunikaripia. Aliandika, akanishika bega, akasema watarudi kutukagua tena.

Cheti hakiniumi sana, Mama. Kinachoniuma ni ile miezi miwili. Ni watoto wangapi tuliowaangalia kwa macho tu, tukasema wako sawa, tukawaruhusu waende nyumbani? Nimefungua daftari la wodi na ninawapigia simu wazazi mmoja mmoja. Wengi wananicheka, wanasema mtoto yuko nje anasumbua kuku. Nimebakiza wawili ambao simu zao zinaita tu bila kushikwa.

Kesho siingii kazini. Nitachukua boda boda niende kwao, mmoja baada ya mwingine, nibishe hodi. Pumzika kwa amani, Mama, lakini kesho niombee niwakute wakicheza.

Kitinda mimba wako